Nilikaza shoki za mbele mpaka mikono ikafa ganzi

Asubuhi hiyo nilikuwa kijiji cha Kima, Vihiga, nyuma ya ng'ombe wa mama mmoja mjane, mkono wa kushoto umeingia hadi karibu na kiwiko, na sikuweza kuuhisi mlango wa kizazi. Kazi yangu ni uhimilishaji, yaani kuwatia ng'ombe mbegu za dume kwa bomba. Mkono mmoja huingia kwa njia ya haja kubwa na kuutafuta mlango huo kupitia ukuta wa utumbo, mwingine huongoza bomba la mbegu. Macho hayasaidii kitu hapo, ni vidole tu. Na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa kutetemeshwa na usukani wa pikipiki tangu Luanda.

Nilisimama, nikakunja na kukunjua ngumi kwa robo saa, kisha nikamaliza kazi. Baada ya siku 21 ng'ombe akarudi joto. Siwezi kuapa kwamba ni vidole, kwa sababu ng'ombe hukosa kushika mimba kwa mambo mengi. Lakini mama yule aliponipigia simu na kusema, "Daktari, basi ni kungoja tena," sikulala vizuri. Maziwa ndiyo karo ya watoto wake.

Naandika haya kwa sababu najua wengi tunaozunguka Vihiga, Siaya na Kisumu kwa pikipiki za siisi 150, wahudumu wa afya, maafisa wa kilimo, ndugu zetu wa bodaboda, tuna mikono ya namna hiyo. Wengi huenda kwa fundi na kusema nilivyosema mimi: "Nikazie shoki za mbele." Sentensi hiyo ilinigharimu pesa nyingi, na nusura inigharimu maisha.

Nilinunua pikipiki yangu mpya mwaka 2019. Kufikia 2022 mbele palikuwa pamelegea. Nikifunga breki, taa inainama kama inasujudu. Nikiangukia shimo nasikia "ta!" la chuma kwa chuma. Barabara zetu mnazijua: lami ya Busia ni sawa, lakini ukikata tu kuingia Bunyore au Maragoli, unakutana na mawe yaliyozaliwa hapo hapo, yamejitokeza katikati ya njia, na mvua imechimba mifereji kando yake. Kwa siku naenda kilomita 60 hivi, mtungi wa naitrojeni unaotunza mbegu kwa baridi ukiwa nyuma kwenye keria.

Nilienda kwa fundi mmoja mjini. Hakunipima wala kupima chochote. Alisimama mbele ya pikipiki, akabonyeza usukani mara mbili, akasema springi zimechoka. Akafungua vifuniko vya juu, akatia kipande cha bomba la chuma cha milimita 40 juu ya kila springi, akamwaga oili ya zamani, akajaza oili ya injini, ile 20W-50 tunayotia kwenye injini zetu, mpaka karibu na mdomo. Shilingi 1,400 kwa jumla. Niliijaribu pale pale: nikafunga breki, haikuinama. Nikabonyeza, ikakataa kushuka. Nikaondoka nimefurahi, nikihisi nimepata pikipiki mpya.

Furaha hiyo iliishia kwenye jiwe la kwanza. Pigo lilikuja moja kwa moja kwenye viganja. Nikajiambia nitazoea, kwani gari la mizigo nalo ni gumu na linabeba. Ganzi ya Kima ilitokea wiki ya pili baada ya ukarabati huo, nami sikuihusisha na shoki hata kidogo. Nilifikiri ni ugonjwa. Nilikunywa dawa za mishipa karibu mwezi mzima.

Wiki ya nne, nikitoka Majengo na kuteremka kupita Kiboswa kwenda Kisumu kujaza naitrojeni, mvua nyepesi ikinyesha, nilishika breki ya mbele na haikushika. Niliivuta mpaka mwisho. Pikipiki iliendelea kwenda kama sijafanya kitu. Mbele yangu kulikuwa na lori la miwa limepunguza mwendo. Nilipiga gia chini mara mbili, nikakanyaga breki ya nyuma, tairi likaseleleka, nikatoka nje ya lami na kuanguka kwenye nyasi, hatua chache kutoka kwa mama aliyekuwa anachoma mahindi. Alinijia mbio huku akiita jina la Yesu. Niliumia goti tu.

Nilipoinuka ndipo nikaona: oili nyeusi imetiririka kutoka kwenye sili, ule mpira unaozuia oili isitoke kwenye shoki, imepita kwenye mguu wa shoki, imelowesha diski na pedi za breki. Sili ilikuwa imepasuka siku kadhaa kabla. Ule mpira wa kuzuia vumbi uliificha, nami sikuwa na desturi ya kuuinua. Uinueni ule mpira. Kila wiki, kwa sekunde tano, pitisheni kidole kwenye kromu. Kidole kikitoka na oili zaidi ya unyevunyevu tu, msisafiri na mzigo mpaka sili ibadilishwe.

Mtungi ulikuwa umeanguka nao. Kwa nje haukuwa na kitu. Nilifika Kisumu, nikajaza. Kesho yake asubuhi nikaukuta umevaa barafu nyeupe shingoni na jasho tumboni. Wenzangu wa kazi hii wanajua maana yake. Ndani ya ukuta wa mtungi hakuna hewa, na huko kukosa hewa ndiko kunakotunza baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Shingo ikipata ufa, hewa huingia na naitrojeni huisha kwa muda mfupi. Nilipoteza mirija 38 ya mbegu, na mtungi mwingine, uliokwisha tumika, nilinunua kwa shilingi 45,000 za mkopo wa chama. Mama watoto hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Hiyo shoki ilikuwa ya pesa ngapi?" Nikamjibu. Akanyamaza.

Baada ya hapo nikafanya kosa la pili, nalo nitalipitia haraka kwa kuwa bado linaniuma. Niliuziwa shoki za kichwa chini, zile nene juu na nyembamba chini, zilizotoka kwenye pikipiki kubwa iliyovunjwa. Shilingi 13,500, na 2,500 nyingine za kuchonga bushi kwa tona, yaani fundi wa kukereza chuma, kwa sababu ekseli haikulingana wala shina la usukani halikulingana. Zilipendeza sana. Lakini mbele pakainuka, taa ikamulika miti, na kwenye kona pikipiki ikawa inataka kwenda moja kwa moja. Springi zake zilitengenezwa kwa mashine yenye uzito wa mbali kabisa na yangu, hivyo zilikuwa ngumu kuliko yale mabomba ya chuma. Nilikaa nazo siku 11. Nikaziuza kwa 8,000.

Aliyeniokoa ni fundi mzee wa karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Nilipelekwa na kijana wa bodaboda aliyeniona nikikunja vidole kwenye stendi. Nilianza kumweleza mzee ninachotaka, akanikatiza kwa upole: "Daktari, ng'ombe akiletwa kwako, unamdunga kwanza au unampima kwanza?"

Hakugusa shoki kwa muda wa karibu saa nzima. Alianza na upepo. Tairi la mbele lilikuwa na paundi 40, kwa kuwa pale ninapojaza mafuta kijana hujaza pikipiki zote sawasawa. Akashusha hadi 25, kama kitabu cha pikipiki yangu kinavyosema. Kisha akaweka kreti la soda chini ya injini, gurudumu la mbele likaelea, akaniambia niuzungushe usukani polepole, kwa kidole kimoja, kutoka kushoto kwenda kulia. Katikati kabisa ulinasa, kama droo inayokwama. "Umesikia?" Koni zilikuwa zimechimbika. Zile golori za beringi ya usukani zimejichongea vishimo pale zinapokaa muda mwingi, yaani ukiwa unaenda mbele moja kwa moja. Halafu akashika miguu ya shoki chini, karibu na ekseli, akaivuta na kuisukuma. Kulikuwa na mgongano mdogo, "tok, tok". Miaka yote ile nilidhani kugonga kule ni kwa shoki. Kumbe nusu yake ilikuwa koni.

Ndipo akatoa ile kamba ya plastiki ya kubania nyaya, tai, ya shilingi tano, akaifunga kwenye bomba la kromu na kuisukuma hadi igusane na mpira wa sili. Mimi nikakaa juu nimevaa kofia na koti, mtungi ukiwa nyuma, kijana akishikilia pikipiki isimame wima. Nikashuka taratibu. Tai ilikuwa imesogea. Mzee akapima kwa rula umbali kati ya sili na tai, baada ya kuinua mbele mpaka shoki ikafunguka yote.

Wakati huo nilikuwa nimerudishia shoki zangu za asili, na yale mabomba ya milimita 40 yangali ndani. Rula ilisoma milimita 12. Akayatoa, tukapima tena: 53. Safari nzima ya shoki yangu, kutoka kufunguka kabisa hadi kukunjika kabisa, ni milimita 120.

Hapo ndipo nilipoelewa. Shoki inatakiwa ikuinamie kiasi ukikaa juu yake, karibu theluthi moja ya safari yake kwa barabara mbovu kama zetu, pungufu kidogo kwa lami. Huko kuinama ni akiba. Gurudumu linahitaji kushuka shimoni kama linavyohitaji kupanda jiwe. Kwa milimita 12, nilipofika ukingo wa shimo gurudumu halikuwa na pa kushukia, hivyo pikipiki yote iliangukia shimoni nami nikiwa juu yake. Kwa milimita 53, akiba ya kushuka ilikuwapo lakini ya kupanda ilikuwa imeliwa, na ndiyo maana ya lile "ta!". Nilitoka kwenye tatizo moja nikaingia kwenye jingine, na katikati nilipapita bila kujua.

Na lile bomba la chuma halikukaza springi. Hili mzee alinirudia mara tatu. Ukiibana springi kabla, unabadilisha mahali inapoanzia tu. Kila milimita inayofuata ni laini vile vile. Springi hukazika kwa waya mnene zaidi, au kwa mizunguko michache zaidi. Tukazipima springi zangu hivi: aliweka mizani ya bafuni chini ya mashine yake ya kutoboa, springi juu ya mizani ndani ya kipande cha bomba isije ikaruka, akateremsha kichwa cha mashine milimita 50. Mizani ikasoma kilo 24. Ile nyingine ilikuwa fupi kwa milimita 8 ikilinganishwa na mwenzake. Akachimba kwenye debe lake, akatoa jozi ya unene ule ule wa nje lakini waya mnene zaidi. Kilo 31. Mimi nina kilo 82, na mtungi na sanduku la kazi ni karibu 15. "Tujaribu hizi," akasema. Tulikata vipande vya bomba la plastiki la maji kufidia urefu, tukapima, tukapunguza, tukapima. Mara ya tatu rula ikasoma 38, tukaacha hapo.

Upande wa oili ndio ulionisikitisha zaidi, kwa sababu ndio ulioniua mikono. Ndani ya shoki hizi za kawaida oili hupitia vitundu vidogo. Ukienda polepole oili hupita bila shida. Ukipiga jiwe kwa kasi, oili yote inataka kupita kwa mara moja, na ikiwa nzito inakwama. Kwa nukta hiyo shoki inakuwa fimbo ya chuma. Namba za kwenye chupa zinadanganya watu hapa: 20W-50 ya injini na 10W ya shoki hazipimwi kwa kipimo kimoja, na ile ya injini, kabla haijapata moto, ni nzito zaidi ya mara nne. Shoki haipati moto wa injini, kwa hiyo inabaki uji. Mzee alitumia oili ya shoki ya 10W. Akaniambia ukiikosa huko mashambani, ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki inakaribiana nayo sana kwa wepesi.

Kiasi nacho ni muhimu. Hewa iliyobaki juu ya oili ni springi pia, na hukazana kadiri shoki inavyokunjika. Fundi wa kwanza alijaza karibu na mdomo, hewa ikakosa nafasi, msukumo ukatafuta pa kutokea na kupasua sili. Tulipima hivi: springi nje, bomba limesukumwa chini kabisa, tumepampu mara kumi na zaidi kutoa mapovu, kisha kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Tulianza na milimita 130, pande zote mbili sawa kabisa. Baada ya wiki moja niliona bado inafika mwisho kwenye mashimo makubwa, nikarudi, tukaongeza oili kidogo hadi 120. Kila badiliko lilikuwa moja tu, nami nikaliandika kwenye daftari lile lile la ng'ombe.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii mwenyewe au kumsimamia fundi, kuna mambo niliyoyaona kwa macho. Legeza vifuniko vya juu kabla hujachomoa shoki kwenye usukani, maana zikishatoka hakuna cha kuzishika. Ukifikia uzi wa mwisho, bonyeza kwa kiganja na uondoe uso, springi iko chini yake na inaruka. Ile bolti ya alenki iliyo chini kabisa ya mguu huzunguka bure ukishatoa springi, basi ilegeze springi ikiwa bado ndani. Kromu ipanguse kwa soksi nyembamba ya nailoni: panaponasa uzi pana kovu, na kovu hilo ndilo litakalokata sili mpya ndani ya mwezi. Mzee alilainisha langu kwa msasa mwepesi wa maji. Kisha akalaza kila bomba juu ya kioo cha dirisha na kulibingirisha, kuona kama limepinda. Alipovisha sili mpya, alifunika mdomo wa bomba kwa karatasi ya nailoni iliyopakwa oili, ili ukingo wa chuma usiuchane mdomo wa sili. Na mwisho, kabla ya kukaza ekseli na bolti za kushikilia, aliishusha pikipiki chini, akafunga breki na kupampu mbele mara kadhaa ili miguu yote miwili ijipange yenyewe. Zikikazwa zikiwa zimevutana, shoki hukwaruza na kunata hata ikiwa mpya.

Gharama ilikuwa hivi: springi 1,800, sili 600, oili 900, koni 1,200, ufundi 1,700. Shilingi 6,200. Ukinitaka nikwambie kipi kilileta tofauti kubwa zaidi kwa kila shilingi, nitasema upepo wa tairi, uliokuwa bure, kisha oili.

Siku ya kwanza nilipita njia ile ile ya Kima. Sikuamini jinsi usukani ulivyotulia. Kwenye mawe nilikuwa naliona gurudumu likipanda na kushuka, na mikono yangu ikabaki pale pale. Niliteremka kwenye pikipiki na kugusanisha kidole gumba na kila kidole, kimoja kimoja. Vyote vilihisi. Niliuinamisha uso kwenye tanki kidogo kabla ya kubisha hodi. Ganzi haikuisha yote mara moja, ilichukua karibu miezi miwili, na bado hurudi nikipitiliza kilomita 80 kwa siku.

Kuna kitu ambacho shoki hizi hazikutibu. Kwenye murram iliyofanya matuta ya karibu karibu, kama mgongo wa mamba, bado zinagonga nikikimbia. Mzee alinieleza kwamba hiyo ni tabia ya vile vitundu, havina namna ya kufunguka zaidi pigo likija kwa kasi, na vali za kurekebisha hilo hakuwa nazo za saizi yangu. Pale napunguza mwendo.

Tai ya plastiki bado iko kwenye bomba la kulia. Jioni nikifika nyumbani naiangalia imesukumwa hadi wapi, kisha nairudisha chini. Juzi ilikuwa imebakiza milimita 15 kufika mwisho, siku niliyopita Emuhaya baada ya mvua. Sili zilikuwa kavu.